Tundu la Mwisho kwenye Kamera ya Mjomba

Mjomba wangu ni fundi viatu, na ana kamera tisa za Kijerumani, zile za zamani zinazokunjwa. Ikiwa imefungwa utadhani ni kitabu kinene cheusi. Ukibonyeza kitufe cha pembeni, kifuniko kinashuka, unavuta lenzi mbele, na nyuma yake ngozi yenye mikunjo inajinyoosha kama kiwavi aliyeamka. Binti yangu ana miaka mitatu, na kila inapofunguliwa hushika mdomo. Na mimi ningeshika wangu, ila naona aibu.

Alianza na moja. Mpiga picha wa mtaani alimletea kamera yake, ngozi imechanika, akamwambia wewe si unashona ngozi, basi shona na hii. Mjomba alikuwa kijana, hajui kukataa kazi. Mpiga picha akahama mji, hakurudi tena, na Mjomba akabaki na kitu cha watu na neno lake alilolitoa. Ngozi ile ni nyembamba karibu kama ganda la kitunguu, na kila kona ina mkunjo ndani ya mkunjo. Aliposhindwa kuielewa, akatafuta kamera nyingine mbovu aifumue aone ilivyokunjwa. Halafu nyingine. Kwa wauza vyuma chakavu, kwenye minada, kwa watu wanaosafisha stoo. Zikafika tisa. Nane zilikubali. Ile ya kwanza ikamgomea miaka thelathini na moja.

Mkaza mjomba huziita wake wenza. Akipangusa makasha ya viatu zinamolala, husema, "Wote hawa, na hakuna hata mmoja anayeosha vyombo."

Mwaka huu macho yakamgeuka Mjomba. La kushoto lilikwisha zamani, sasa la kulia likaingia mtoto wa jicho, akawa anashona viatu kwa kupapasa. Daktari alimpangia siku ya upasuaji, akasema atajitahidi lakini hatoi ahadi. Mjomba alirudi nyumbani, chakula hakukigusa, akashusha kasha la kamera ya kwanza. Alisema jicho likitaka kwenda liende, lakini likute kazi hii imekwisha.

Akakata ngozi mpya, akaanza kuikunja. Vidole vyake ni vinene, vimeingia rangi ya viatu mpaka kwenye kucha, lakini juu ya ile ngozi vilitembea taratibu kama vinaomba njia. Mara ya mwisho kuona mikono mikubwa ikishika kitu kidogo kwa heshima namna ile, ni siku mkunga aliponikabidhi mwanangu.

Alipomaliza akaniita stoo. Nilifunga mlango, nikaziba upenyo wa chini kwa gunia. Akawasha tochi akaiingiza ndani ya ile ngozi. Ikiwa nzima, alinieleza, hutaona kitu. Ikiwa inavuja, mwanga utajitokeza.

"Niambie unaona nini."

Niliona anga zima. Vitone vya mwanga vimetapakaa kwenye mikunjo, vidogo, vikali, na nyuma yake uso wa Mjomba ukisubiri, tayari unatabasamu. Ilikuwa saa saba mchana, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya nyota.

"Matundu yapo, Mjomba."

"Mangapi?"

"Kumi na tatu."

Tabasamu likashuka. Kisha akanyoosha kidole, akasema nimpeleke. Nikawa namshika kidole nakiweka juu ya tundu, naye anapaka tone la gundi iliyochanganywa na masizi. Tukiziba, tunasubiri ikauke, tunarudi gizani. Siku ya tatu likabaki moja tu, kwenye kona ya chini, ndani kabisa ya mkunjo, dogo kiasi kwamba nikipepesa linapotea. Kulifikia ilibidi kufumua kona nzima. Jicho lake lilikuwa linatiririka machozi, na kesho kutwa yake ndiyo siku ya daktari.

"Bado?" aliuliza.

"Giza tupu, Mjomba."

Akazima tochi. Nilimsikia akishusha pumzi gizani, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo.

Asubuhi tukaitoa uani. Kabla ya kuweka filamu, alifungua mgongo wa kamera, akaegesha kipande cha karatasi nyembamba pale filamu inapokaa, akaacha lenzi wazi, akaniambia nijifunike kanga nitazame.

Kwenye karatasi kulikuwa na ua wetu. Wote, na rangi zake, kichwa chini. Nguo kwenye kamba zilipepea kuelekea juu. Mkaza mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda kilichobandikwa angani, na mwanangu alikuwa anakimbia juu ya ardhi iliyo dari, haanguki. Hakuna waya, hakuna betri. Nilitoa kichwa nikatazama uani, nikarudi ndani ya kanga.

Mjomba hakuweza kuiona. Nikamsimulia.

"Miguu juu?"

"Miguu juu."

"Na nguo zinacheza?"

"Zinacheza, Mjomba."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayepokea salamu kutoka mbali. Kisha tukaweka filamu tukapiga picha nane, mkaza mjomba akilalamika kwamba jua linamkaanga kwa ajili ya mke mwenzake. Mjomba alikataa filamu kusafishwa kwanza. Isubiri jicho.

Jicho lilifunguka. Picha zilipoletwa alizishika karibu, akiwa na miwani myeusi, na hakuanza na sura zetu. Alianza na kingo, kama anavyokagua soli. Akasimama. Juu kulia, kwenye picha zote nane, kulikuwa na doa jeupe la ukungu. Akageuza picha kichwa chini, akaweka kidole.

"Kona ya chini," alisema. "Uliliona?"

"Niliona, Mjomba."

"Siku ile?"

"Siku ile."

Nilingoja kugombezwa. Alisogeza picha mbali, akairudisha karibu, akaisogeza tena mbali, na doa likabaki palepale.

"Na mimi naliona," alisema.

Akaomba gundi na kisu chake kidogo. Mkaza mjomba akasema kidonda hakijakauka, mtu keshamrudia mke mkubwa, lakini alikwenda kuvileta mwenyewe. Mjomba akaingia stoo na kamera na tochi, akaniambia nibaki nje nimfungie mlango. Nikaziba upenyo kwa gunia, nikasimama na mwanangu mkononi.

"Lipo moja tu," sauti yake ilitoka ndani.

Safari hii alikuwa amehesabu mwenyewe.