Jaruba Lililopinda

Naikumbuka likizo moja ya miaka ya tisini, mwanangu, niliporudi kwetu Mpimbwe kutoka chuo kikuu Dar. Treni ilinishusha Mpanda na begi limejaa vitabu, lakini tasnifu yangu haina hata ukurasa mmoja. Chuo kikifunguliwa bila tasnifu hiyo, nimefukuzwa. Kila asubuhi nilisema kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nami niliendelea kungoja. Si uvivu. Niliamini kalamu ni ya watoto wa mjini, na mimi binti wa wakulima wa mpunga nikiandika nitachekwa.

Ikafika zamu ya wanawake wenzetu kuja kupandikiza mpunga kwetu. Kwa desturi yetu mwenye shamba hufungua safu ya kwanza, wengine wakaifuata. Mama akanikabidhi miche nifungue kwa niaba yake.

"Mama, bado sijawa tayari. Mikono imelainika, nitapinda."

"Utapinda, ndiyo. Nyie wasomi mnataka kunyooka hata hamjagusa matope? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Haya, inama!"

Nikainama. Safu yangu ikapinda kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi, nao wale wanawake, kwa kuiheshimu desturi, wakaifuata vilevile hadi mwisho wa jaruba, kipande chetu cha mpunga kilichozungushiwa matuta. Walicheka, wacha! Nikacheka nao, na hofu ikanitoka. Jioni ileile nikaandika ukurasa wa kwanza. Ulipinda kuliko mpunga, lakini kesho yake wa pili ukaufuata.

Tasnifu ikapita. Niliporudi na shahada, kabla sijanywa hata maji, mama alinishika mkono akanipeleka hadi shambani. Mpunga ulishavunwa, mabua yamebaki na mpindo wake. Akawa anawaita wapita njia: "Njooni muone! Safu hii aliifungua binti yangu, na wali wake tumekula!" Nimesifiwa mara nyingi maishani, mwanangu, lakini kifua hakijawahi kunijaa kama siku ile.

Nawe uliyeko chuoni, unaposema hujawa tayari, jiulize kwanza unajionaje. Anayejidharau haioni siku njema ya kuanza. Andika leo, hata vibaya, utanyoosha baadaye. Wala usione haya kwa jembe lililotulea, maana ndilo lililokufikisha hapo.

Mungu aibariki mikono yako, na ukurasa wako wa kwanza usikose wa kuufuata.