Mwalimu Mwenye Afya

Neno lililoniudhi kuliko yote miaka ile ya Ujamaa ni "afya." Nilikuwa nafundisha chekechea ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda, Morogoro mjini, na kila aliyekutana nami alinisifu: "Mwalimu, una afya!" Maana yake nimenenepa. Magoti yananiuma, nikipanda ngazi tatu za darasa nahema, lakini eti nina afya.

Nesi wa zahanati aliniambia wazi nipunguze sukari na nitembee. Nitembee saa ngapi? Darasa zima lilikuwa langu peke yangu, toka asubuhi mpaka king'ora cha kiwanda. Akina mama kutoka milima ya Uluguru walipita mlangoni na vikapu vya mboga na matunda, nami sina hata dakika ya kutoka kununua. Basi nilishindia maandazi na chai ya sukari tele, nimekaa kitini, watoto wananitazama.

Nikaenda kwenye kamati ya shule. Niliomba msaidizi mmoja tu, nipate kula chakula cha maana na kuwatembeza watoto mpaka mtoni, chini ya mlima. Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta machozi.

"Mwalimu, na afya yote hiyo, unataka afya gani tena? Waachie na wengine!"

Kamati nzima ikaangua kicheko. Nami, mjinga mimi, nikacheka nao. Hilo linanikera mpaka leo.

Darasani nilikuwa na binti wa miaka mitano, mtoto wa karani. Kila mtu alimfinya mashavu: "Huyu ana afya kama mwalimu wake!" Wenzake wakikimbia, yeye alibaki kando ya kiti changu, nami nikimmegea andazi, nikidhani ndiyo mapenzi. Nilipoanza kumsikia akihema, nilinyamaza. Ningemwambia nani? Mama yake alikuwa akinishukuru kwamba mwanawe ana afya.

Siku moja walicheza mchezo wa shule, yeye akawa mwalimu. Akavuta kiti changu, akaketi taratibu huku ameshika goti.

"Shikamoo mwalimu!" wenzake wakaimba.

"Marahaba. Nendeni mkacheze, mie siwezi."

Akatia mkono kwenye mkoba wangu, akatoa andazi. Wenzake wakashangilia kwamba amepatia kuniiga sawasawa, hata kule kuhema. Mimi peke yangu nilijua kwamba kule kuhema hakukuwa maigizo.