Mbavu za Wembe wa Mzee Ondiek

Ridhwan hutengeneza chochote chenye makali pale soko la Kibuye. Mimi huuza makoti ya mitumba kibanda cha pili, kwa hiyo nimemvumilia miaka tisa, na mdomo wake hauna breki. Kila kifaa amekipa viungo vya binadamu: makasi yana magoti, kisu kina shingo, na vile vipande viwili vya mpini vinavyoukumbatia wembe wa kukunja huviita mbavu.

Jumatatu alikuja Mzee Ondiek, kinyozi mstaafu wa Kisian, na wembe wake wa miaka mingi. Ubavu mmoja ulikuwa na ufa. Jumamosi kitindamimba wake, Oketch, anaoa, na mzee alitaka kumnyoa kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyowanyoa kaka zake wote walipooa. Lakini binti yake Valarie, mfanyabiashara wa Maseno, alikuwa amempiga marufuku kushika wembe kwa sababu mikono inatetemeka. Basi mzee alikuja kwa siri. Ridhwan alipoomba namba ya simu, akampa ile moja tu anayoijua kwa kichwa. Ya Valarie!

Kesho yake, Ridhwan aking'oa msumari unaoshikilia mpini, ubavu wa pili nao ukapasuka. Akapiga simu hapo hapo, kelele za soko zimetuzunguka.

"Madam, ni Ridhwan wa Kibuye, ni kuhusu Mzee Ondiek. Mbavu moja ilikuja imevunjika, hiyo ingine imevunjikia kwa mkono yangu. Lakini usijali, natoa zote mbili, naweka ya ng'ombe."

Nilicheka mpaka nikaangukia makoti. Alipompigia tena aeleze vizuri, simu haikushikwa.

Mchana huo Mzee alikuwa amekuja kuulizia kazi yake, na Ridhwan anagongea msumari wa shaba kwenye mbavu mpya za pembe ya ng'ombe, Valarie aliporuka kutoka kwenye bodaboda, kiatu kimoja mguuni.

"Baba yangu ako wapi? Nani amempasua?"

Mzee alikuwa kwenye stuli, anatafuna njugu. Valarie akamrukia, akampapasa mbavu moja moja, analia na kucheka. Soko zima likacheka naye. Kisha akauona wembe.

"Baba, si tulikubaliana? Hiyo mkono itakata Oketch."

Mzee akainama kuokota maganda ya njugu. Nilimwonea huruma, na nikamkasirikia binti yake pia.

Ridhwan akamalizia msumari, akampa mzee wembe, akavua kofia, akaketi. "Mzee, nyoa hii kichwa. Damu ikitoka, Madam aende na wembe."

Mkono ulitetemeka ukipaka sabuni. Ulitetemeka ukikunjua wembe. Makali yalipogusa ngozi, ukatulia tuli. Mzee akashuka kutoka utosini hadi kisogoni, akageuza, akarudia, na mimi nikajikuta napiga vigelegele peke yangu bila aibu.

Valarie alipitisha kiganja kwenye upara wote, hata nyuma ya masikio. Akakitazama. Kilikuwa na povu tu.

"Jumamosi asubuhi," akamwambia baba yake, "mimi ndio nitakushikia maji."