Mama wa Tochi

Mama wa tochi pale sinema hammuliki mtu usoni. Hufunika kioo kwa vidole, mwanga ukatoka mwekundu kama kaa la moto, akamulika sakafu na kunong'ona, "Taratibu mwanangu, kuna ngazi." Filamu ya wiki hii ni ya vita: askari anadhaniwa amekufa, rafiki yake anamwoa mjane na kulea watoto, halafu askari anarudi akichechemea. Watazamaji wanalia, wanapiga makofi, na rafiki akitokeza tu wanamzomea utadhani wamemfumania chumbani kwao. Mama husimama ukutani, akilegeza kitako cha tochi na kukikaza tena.

Jana mchana jamaa mmoja wa mstari wa mbele akapaza sauti, "Mtoeni nje huyo mwizi wa wake za watu!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mara mwanga mweupe ukamkaa jamaa usoni. "Huyo mwizi," mama alisema, "ndiye aliyekesha na watoto walipougua surua. Kaa chini."

Alipotoka, mumewe alikuwa akimsubiri mlangoni na baiskeli, kama kawaida yake. Filamu yenyewe hajaiona. Alisimuliwa na watoto, wale aliowakuta wa mume wa kwanza wa mama, askari aliyefia vitani, akawalea. "Haya, leo wamempigia makofi nani?" aliuliza, akijifanya kukagua breki.

Mama akapanda nyuma, akamshika kiuno kwa mikono miwili.

"Wewe," akasema. "Ukumbi mzima."