Mlango wa Ng'ombe

Kwetu Mutsamudu mwanamume akioa huingia nyumba ya mkewe, na nyumba hiyo hujengwa na watu wa mke. Ikikosa kitu, mji wote unamtazama mjomba. Basi mjomba ndiye mimi. Nilikuwa mchukuzi wa magunia bandarini, shule niliionja tu, na Kiswahili hiki nilikiokota Unguja ujanani. Mkikuta kimepinda, kinyoosheni kama nilivyonyoosha misumari. Misumari nitaifikia.

Nyumba ya binti wa dada yangu ilikosa mlango tu. Ulikwisha kuchongwa, mninga mtupu, lakini Moroni, kisiwa cha pili, kwa fundi wa jirani na soko la Volo Volo, na mdogo wangu anayekaa huko alikwisha kuuchukua. Ndipo kisiwa chetu kikajitenga na serikali ya Moroni, tukawekewa vikwazo, vyombo visije wala visiende. Mlango uko Moroni, tundu liko Mutsamudu. Na bwana harusi haingizwi nyumba isiyofungika; watu wangesema tumemwozesha mtoto barazani.

"Kaka, tuahirishe," dada akaniambia, macho yamemjaa.

"Mpaka lini? Mpaka wakubwa wapatane? Binti atazeekea hapa hapa."

Siku zile hakuna aliyetupa kitu. Ndala ikikatika inafungwa waya, ikichoka kabisa inakatwa magurudumu ya kigari cha mtoto. Chupa ilikuwa mali. Shiromani ya kujitanda bibi ikichanika inakuwa nepi, nepi ikiisha inakuwa utambi wa taa. Mke wangu alikuwa na sufuria yenye viraka vingi kuliko sufuria yenyewe, na wali wake, wallahi, sijapata kula tena mtamu vile.

Basi nikaokota mbao za masanduku bandarini. Misumari niliing'oa humo humo nikainyoosha juu ya jiwe. Bawaba nilikata tairi. Dada alikuwa na makopo makubwa ya maziwa ya unga, akiba ya miaka. Nikayapasua, nikayalaza, nikayapigilia juu ya mbao. Upande wenye picha nikautoa nje, maana rangi huzuia kutu. Picha yenyewe ng'ombe. Mlango mzima ng'ombe, wengine wima, wengine miguu juu.

Siku ya siku, bwana harusi akaletwa na watu wake, vigelegele kichochoro kizima. Shangazi yake akatangulia, akauona mlango, akasimama. Vigelegele vikakatika.

"Tunampeleka kijana wetu nyumbani au zizini?"

Watu wakacheka. Dada yangu akajifunika uso.

"Anayetaka mninga avuke maji akaulete," nikamjibu.

"Mimi hapa haingii mtu!" Akatanua mikono.

Nikajua neno hilo likishika, ndoa imeharibika, na mpwa wangu ndani anasikia kila kitu. Bwana harusi akanisogelea. Kijana mpole, anafanya kazi hospitali ya Hombo, sijawahi kumsikia akipaza sauti.

"Mjomba, unafungika?"

"Jaribu, baba."

Akainama, akapita chini ya mkono wa shangazi yake, akaingia, akauvuta mlango. Makopo yakalia kwaa! Tukasikia komeo. Shangazi amebaki nje na ng'ombe, uso kwa uso.

"We mtoto! Fungua!"

"Shangazi," sauti ikatoka ndani, "zizi limejaa!"

Kichochoro kikavunjika kwa kicheko, na vigelegele vikarudi, safari hii dada yangu ndiye aliyeanza.

Njia ilipofunguka, mlango wa mninga ukaja. Kumbe kule Moroni nao hawakuuacha ukae bure: shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, aliulaza juu ya mapipa akaufanya meza ya kukatia samaki. Makovu ya kisu yameenea. Tukautundika, ng'ombe wakahamia banda la kuku. Shangazi akaja kuukagua, akaupapasa, akaunusa.

"Na huu ni wa nini, wa papa?" akasema. "Turudishieni ng'ombe wetu."