Nafasi ya Nkambo Katika Maji ya Lukuga

Juzi watu wa kilimo walipita kando ya Lukuga, telefone mkononi, wakipiga picha za gugumaji na kumuuliza kila mkaaji: hili jani lilianzia wapi? Waliponifikia nilisema sijui. Nilijibu haraka mno, rafiki, na ile haraka inanisumbua mpaka sasa. Ndiyo maana nimefungua kaye hii ya kuandikia. Shule niliacha mwaka wa sita wa msingi, kwa hiyo maneno mazuri usiyatafute kwangu. Nitajaribu tu kuwa wa haki, hata kwa wale niliowachukia.

Nilipokuwa mtoto, chini ya mtaa wetu mto ulikuwa na mkono wa pembeni, maji yamelala, hayakimbii. Hapo wanawake waliloweka mihogo. Kila mmoja alikuwa na nafasi yake, miti minne iliyochomekwa ndani ya tope, na nafasi ilirithiwa kama shamba. Ile ya nkambo wangu, mama yake mama, aliachiwa na mama yake. Mihogo ilikaa majini siku nne mpaka ilainike, ndipo ilimenywa, ikaanikwa juu ya mawe, ikatwangwa. Harufu yake mgeni alizibia pua. Mimi mpaka leo nikiisikia, njaa inaamka. Unga ule njo ulitulisha, ugali wetu wa bukari na samaki wadogo wa ndakala, na uliobaki nkambo aliuuza sokoni. Kazi nyingine hatukuwa nayo.

Usidhani palikuwa mahali pa upole. Matusi yalianza kabla ya jua kukausha umande: nani amesogeza mti, nani ameiba mihogo ya mwenzake. Nkambo hakuwa mtakatifu, ulimi wake ulikata. Wa jirani yetu, mwenye nafasi iliyopakana na yake, ulikata zaidi. Au nasema hivyo kwa sababu nkambo ni wangu? Sijui.

Mihogo huelea, kwa hiyo ilifunikwa kwa majani ya migomba na kukandamizwa kwa mawe. Majani yalioza upesi, na wezi waliona kila kitu. Msimu mmoja wa mvua nkambo aliona mmea mgeni kwenye mdomo wa mto, kule ziwa linapoingilia Lukuga: majani manene yanayoelea, vishina vimevimba, maua ya zambarau. Akanituma na beseni. Nililibeba kichwani, maji yakinichuruzika shingoni, maua yamenizunguka uso, nikajiona bibi harusi. Tukalitandaza jani lile juu ya mihogo. Lilifunika kama blanketi, mwizi haoni kitu, na siku ya tatu mihogo ilikuwa tayari.

Jirani alisimama ukingoni akacheka. "Ee Mama, watu wanalima shamba, weye unalima mayi?"

"Cheka tu," nkambo akamwambia. "Kesho utakuja kuomba."

Na kweli alikuja, na beseni lake, akapewa. Wengine pia walipewa. Wangapi, sikumbuki vizuri. Lakini yule jirani ninamkumbuka, mimi mwenyewe nilimjazia.

Mvua zilizofuata, jani lilikuwa limejaa mkono wote wa mto. Wanawake walilikata kwa panga ili wafikie mihogo yao. Maji yalinuka, mbu wakazidi, mihogo ikaoza badala ya kulainika. Mwalimu wetu akatutoa wanafunzi salongo kila Jumamosi, kazi ya wote. Alisema kung'oa bila kujua linaelekea wapi ni kupoteza nguvu. Kwa hiyo tulichomeka matete pale lilipoishia, na Jumamosi iliyofuata tulipima kwa kamba limeyapita kiasi gani. Alitufundisha kung'oa na mizizi na kulianika mbali juu, tusilitupe ndani ya mto likaenda kwa watu wengine. Nilipenda sana kazi ile. Kamba nilishika mimi.

Siku moja, wanawake wamesimama pale, mwalimu akasema, "Tete la kwanza lazima lisimame pale jani lilipoanzia. Nani anapajua?"

Wote walijua. Mimi nilizoea kupandisha mkono.

"Kwa nkambo wangu, Mwalimu. Mimi njo nililileta."

Mwalimu alinisifu, sidhani alikuwa na nia mbaya. Jirani alipiga makofi. "Mumesikia? Mutoto wake mwenyewe amesema!"

"Na weye hukuja kuomba?" nkambo akauliza.

"Mimi? Niombe uchafu?"

Waliopewa walitazama miguu yao. Hapo ningeweza kusema neno la pili. Nilikuwa nimeshika kamba, mdomo wazi, sikulisema. Wanawake waling'oa miti minne ya nkambo mmoja baada ya mwingine, wakaitupa mihogo yake topeni. "Enda uloweke ndani ya sufuria yako!"

Nkambo aliiokota, akaijaza ndani ya beseni. Njiani aliniambia neno moja tu: "Umesema kweli. Jioni utaila hiyo kweli, tuone kama inashibisha."

Akaanza kuloweka ndani ya pipa nyuma ya nyumba. Unga ulitoka mchungu. Sokoni watu waliunusa, wakapita. Lakini niwe wa haki: jirani naye alikuwa na watoto, mihogo yake nayo ilioza, na mtu mwenye hofu anatafuta wa kumwangushia lawama. Haikumsaidia. Mwalimu alihamishiwa Moba, matete yakaoza, na baada ya misimu miwili jani lilimeza nafasi zote, ya jirani pia.

Leo hakuna anayeloweka pale. Unga tunanunua wa gunia, mweupe, hauna harufu ya mtu yeyote. Ninajiuliza: ningenyamaza mwalimu alipouliza, kitu kingebadilika? Jani lingeenea tu, nafikiri. Lakini nkambo angepata ile misimu miwili, amesimama majini mpaka magotini, akimtukana jirani na kutukanwa. Nyumbani kando ya pipa hakuwa na wa kugombana naye. Kulikuwa na mimi tu, na mimi nilijibu, "Ndiyo, nkambo," kwa kila kitu.