Picha ya Mama Faraja, Namba 43 Kifanya

Kuna watu Makambako ambao mpaka leo wakikutana nami stendi huanza kwa kuniuliza, "Lusungu, vipi, kwenye mtandao wako mimi bado nipo hai?" kisha wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu sina la kufanya. Aibu hii nimekaa nayo muda mrefu. Leo naitoa yote, mnicheke pale pa kuchekwa, ila mkifika mwisho mtaelewa kwa nini mwenyewe sicheki sana.

Kazi yangu ni kompyuta. Nina chumba karibu na stendi ya Makambako, natoa kopi, nachapa barua za watu, na nikipata nafasi natengeneza tovuti. Niliyojivunia kuliko zote ni ya kikundi chetu cha kuzikana, chenye matawi manne: Kichiwa, Kifanya, Ramadhani pale Njombe mjini, na Makambako. Humo wamo wakulima Walutheri wa kule juu na wafanyabiashara Waislamu wa huku barabarani, na mtu akifariki tawi hili linaleta kuni, lile linaleta viazi, sisi wa Makambako tunatoa magari. Kazi ya tovuti ilikuwa moja tu: katibu akibonyeza jina la marehemu, tangazo lenye picha yake linaingia kwenye simu za wanachama wote.

Picha nilizipiga mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na kila picha nikaipa jina la namba ya mwanachama, basi. Nilitaka namba ziwe mfululizo kwa kikundi kizima, lakini siku ya mkutano mzee mmoja wa Kifanya akasimama akasema, "Kwa hiyo sisi tuanzie mia mbili? Sisi ni mkia?" na mkutano ukachafuka, ikaamuliwa kila tawi lianze na moja. Nikakubali (nani angebishana na wazee wa matawi manne?), nikalitengenezea kila tawi folda yake, kwa hiyo kulikuwa na namba 43 ya Kifanya na namba 43 ya Makambako, kila moja kwao, na miaka mitatu mambo yakaenda bila shida.

Sasa siku moja nikapata barua pepe kwamba toleo la fremuweki niliyotumia (fremuweki ni kama kiunzi cha nyumba, wengine wamekisimamisha, wewe unajenga kuta) halitahudumiwa tena, nihamie toleo jipya. Jumamosi nikakaa nikahamia. Tovuti ikafunguka, lakini picha hakuna hata moja, viboksi vyeupe vitupu, kwa sababu toleo jipya lilitaka picha zote zikae chini ya folda moja kuu iliyo nje kabisa, siyo zimetawanyika ndani ya matawi kama nilivyozoea. Njia sahihi ilikuwa kuzihamisha pamoja na folda zao, halafu kurekebisha anwani za picha mstari kwa mstari, kazi ya siku nzima. Mimi nikaamua kufupisha. Nikazimwaga zote kwenye folda moja, nikaanza na Kichiwa, nikamalizia na Makambako.

Kompyuta ikaniuliza. Nasema hili kwa sababu siwezi kuilaumu, iliniuliza vizuri kabisa kwamba humu tayari kuna mafaili yenye majina haya, niweke mapya juu ya yaliyopo? Na mimi, kwa kuwa asubuhi nilishajaribu kuhamisha nusu nikaacha, nikajiambia ni zilezile za asubuhi. Nikabonyeza ndiyo kwa zote. Kisha nikafuta folda za zamani ili pawe pasafi, nikapandisha kila kitu mtandaoni juu ya kilichokuwepo, nikafungua wanachama wanne watano kuhakikisha. Nyuso zilikuwepo. Sikuangalia ni za nani.

Jumatatu asubuhi Mama Faraja wa Kifanya akafariki. Katibu wetu, Mwalimu Mligo, akabonyeza kama siku zote, na simu za wanachama wote zikapokea jina la Mama Faraja, umri wake, siku ya mazishi, na juu yake picha ya Bi Zuhura, muuza vitenge wa Makambako, amejifunga mtandio wake wa zambarau, mzima wa afya.

Watu wengi hawasomi, wanaangalia picha. Dukani kwa Bi Zuhura wakaanza kufika wanawake wamejifunga khanga, wanalia tangu barabarani, wanamkuta anapima kitenge. Mume wake, dereva wa lori, aliipokea akiwa safarini, akasimamisha gari pembeni ya barabara akashindwa hata kupiga simu, mpaka utingo wake akapiga kwa niaba yake. Nilipoambiwa habari ya huyo mzee ndipo nikajua kwamba hili silo kosa la kuomba radhi kwa ujumbe mfupi.

Bi Zuhura mwenyewe akaja ofisini kwangu, watu kama ishirini nyuma yake, akasimama mlangoni.

"Kijana, nimekuja unizike."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nikaomba radhi mbele ya wote, nikatuma tangazo jingine lisilo na picha, nikadhani nimefika mwisho wa aibu. Hapo simu ikaita, ni Faraja, binti pekee wa marehemu.

"Lusungu mdogo wangu, usijisumbue sana, makosa yapo," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Ila kesho utuletee ile picha ya mama, ile anayocheka. Itoe kubwa, tuiweke mbele ya jeneza. Mama hakupenda kupigwa picha, unajua. Hatuna nyingine ila ile ya kitambulisho."

"Sawa, dada," nikasema.

Nikafungua folda. Namba 43 ilikuwa Bi Zuhura. Nikatafuta kwenye pipa la taka la kompyuta, nilishalisafisha. Simu niliyopigia, picha nilizifuta zamani nipate nafasi. Mtandaoni nilishapandisha juu yake. Na bado sikumpigia dada Faraja kumwambia ukweli.

Kesho yake Bi Zuhura akapanda gari la kikundi pamoja nami. Alisema mtu aliyeliliwa na nusu ya Makambako hawezi kukosa mazishi ya marehemu mwenyewe hasa. Tulipopita Njombe tukaanza kuingia kwenye misitu ya kupanda ya kuelekea Kifanya, akaniuliza, "Picha iko wapi?" Nikamwambia. Tulipofika akashuka, akajitengeneza mtandio, akasema, "Utasema mwenyewe. Mimi nitasimama karibu."

Nikawasalimu wanaume waliozunguka moto, kamwene, kamwene, nikaingia walipokaa wanawake. Mbele ya jeneza kulikuwa na kigoda kimetandikwa kitambaa cheupe, kitupu, kinasubiri. Dada Faraja akaniangalia mikono.

"Dada, picha sina," nikasema. "Niliifuta mimi. Kwa haraka zangu. Haipo popote."

Yeye akaangalia kile kigoda, kisha akaniuliza polepole, "Wewe ndiye uliyempiga?"

"Ni mimi."

"Alikuwa anacheka nini?"

Basi nikasimulia, mbele ya msiba mzima, na wanaume nao wakasogea mlangoni. Kwamba mama alikataa kupigwa mpaka avae sweta la kanisani, akakaa barazani amenuna kabisa, na mimi nikawa narudi nyuma, narudi nyuma, nipate sura yake vizuri, mpaka nikakaa makalio yote ndani ya beseni la mahindi aliyoyaloweka. Akacheka, mkono ukanyanyuka kuziba lile pengo la meno ya mbele, ukachelewa, na hapo ndipo nilipobonyeza. Mama mmoja akaguna kicheko, mwingine akafuata, na dada Faraja akacheka huku machozi yanamtiririka, akasema, "Mkono wake siku zote ulikuwa unachelewa." Kisha akalia kilio ambacho sijawahi kusikia, na Bi Zuhura akamshika.

Mbele ya jeneza wakaweka kopi ya picha ya kitambulisho iliyokuzwa, mama ametumbua macho kama mtu aliyeshtuliwa. Wanaye huyo hadi leo.

Walio hai wa Kichiwa, Kifanya na Ramadhani nilienda nikawapiga upya wote. Kila tawi lina folda yake tena, anwani nimezirekebisha mstari kwa mstari, na nakala naweka pengine pawili, mojawapo dukani kwa Bi Zuhura ndani ya sanduku la vitenge (kila mwezi ananiuliza kama nimeleta mpya). Kompyuta ikiniuliza kama niweke mapya juu ya yaliyopo, naondoa mkono, nafungua faili moja moja nione ni nani.

Lakini dada Faraja akija Makambako hupita ofisini, anakaa kwenye kiti cha wateja, ananiambia, "Haya, nisimulie ile picha." Namsimulia. Mwezi uliopita aliniuliza sweta lilikuwa la rangi gani, nikamjibu haraka kwamba lilikuwa la kijani, akafurahi, akaondoka. Mimi nikabaki nimekaa pale, kwa sababu sikumbuki. Huenda lilikuwa la bluu.